Nyaya Zilizopita Juu ya Kibaha

Mwaka 1975 umeme wa Kidatu ulianza kufika Dar es Salaam, na njiani ulikatiza Kibaha bila kushuka. Ulitoka kwenye mto Ruaha Mkuu, ukapita Morogoro, Chalinze na Mlandizi, ukiwa katika msongo wa kilovolti 220, ukaishia kwenye kituo cha kupoza umeme cha Ubungo. Chini ya nyaya hizo palikuwa na mikorosho, mihogo na vijiji ambavyo usiku viliendelea kuwasha vibatari.

Historia ya umeme wa nchi hii tumezoea kuihesabu kwa mabwawa. Mtoto wa shule atakutajia Hale, Nyumba ya Mungu, Kidatu, Mtera, Kihansi, na sasa Bwawa la Julius Nyerere. Ni nadra kumsikia mtu akitaja njia, yaani minara, nyaya, vikombe na transfoma zinazouchukua umeme kutoka porini ulikozaliwa hadi mjini unakotumika. Mimi nataka kuisimulia historia hii kwa upande wa njia, na Kibaha ni mahali pazuri pa kuisimulia. Mkoa wa Pwani, ambao makao yake makuu ni mji huu, una misongo yote mitatu mikubwa ambayo Tanzania imewahi kuijenga: kilovolti 132 ya miaka ya 1960, kilovolti 220 ya miaka ya 1970, na kilovolti 400 ya enzi yetu. Kila mmoja ulikuja kwa sababu ule uliotangulia ulikuwa umefika mwisho wa uwezo wake.

Hapo mwanzo hapakuwa na haja ya kuusafirisha umeme mbali. Wajerumani walipoweka mtambo Dar es Salaam mwaka 1908, kazi yake ilikuwa kuhudumia karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wazungu. Baada ya Vita vya Kwanza, Waingereza waliuweka umeme chini ya idara ya serikali, na mwaka 1931 wakaukabidhi kwa kampuni mbili za binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na miji mingine, na TANESCO kwa upande wa Tanga. Ile ya Tanga ilijenga mtambo wa maji kwenye maporomoko ya Pangani katika miaka ya 1930, na umeme wake ukaenda kwenye mji na mashamba ya mkonge ya karibu. Dar es Salaam iliendelea kuunguza mafuta. Kati ya maporomoko ya Pangani na Dar es Salaam kuna karibu kilomita 200 za pori na mito, na umbali huo ulitosha kuzitenganisha kampuni mbili kama nchi mbili.

Kilichoziunganisha ni kituo cha Hale, kilichofunguliwa mwaka 1964 kikiwa na megawati 21. Hizo zilikuwa nyingi kuliko Tanga ilivyohitaji, kwa hiyo ikajengwa njia ya kilovolti 132 kuja kusini hadi Chalinze, na kutoka hapo hadi Ubungo. Mwaka huohuo serikali ilinunua hisa na kampuni zile mbili zikawa moja. Mtu anaweza kusema ni siasa ya uhuru iliyoziunganisha, na ni kweli. Lakini hata siasa ingekwama kama pasingekuwa na waya.

Hapa inafaa nieleze kwa nini msongo unapandishwa, maana bila hilo historia hii yote haieleweki. Waya wowote hupinga umeme unaopita ndani yake, na upinzani huo hugeuka joto linalopotelea hewani. Joto hilo halifuati wingi wa umeme unaosafirishwa, linafuata ukubwa wa mkondo, na linaufuata kwa kipeo cha pili: mkondo ukizidi mara mbili, hasara inazidi mara nne. Msongo ukipanda, umeme uleule unasafiri kwa mkondo mdogo. Chukua megawati 200, karibu uzalishaji wote wa Kidatu. Ukizisafirisha kwa kilovolti 132, mkondo ni kama ampea 875 katika kila waya. Kwa kilovolti 220 unashuka hadi ampea 525. Kwa kilovolti 400 unabaki chini ya ampea 290. Kwa waya uleule, hasara ya kilovolti 400 ni kama sehemu moja ya tisa ya hasara ya kilovolti 132.

Dunia ililiona jambo hili kwa macho mwaka 1891. Katika maonyesho ya umeme ya Frankfurt, wahandisi Oskar von Miller na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky walileta umeme kutoka kwenye mtambo wa maji wa Lauffen, ulio umbali wa kilomita 175. Umeme huo uliwasha taa kama 1,000 na kuendesha pampu iliyokuwa ikipandisha maji ya maporomoko ya kutengenezwa uwanjani. Wengi waliamini kwamba ungepotelea wote njiani. Vipimo vilionyesha kwamba takriban robo tatu ilifika. Tangu siku hiyo swali la wahandisi halikuwa tena kama umeme unaweza kusafiri mbali, bali ni kwa msongo gani, na nini kitauzuia usiruke kutoka kwenye waya.

Nchi iliyolifanyia kazi swali hilo kwa bidii kuliko nyingi ni Sweden, kwa sababu ya jiografia yake. Mito yake yenye nguvu iko kaskazini, miji na viwanda viko kusini, na katikati kuna misitu ya karibu kilomita 1,000. Mwaka 1952 Wasweden waliwasha njia ya kwanza duniani ya msongo wa takriban kilovolti 400, kutoka Harsprånget kuelekea Hallsberg. Miaka miwili baadaye mhandisi wao Uno Lamm na wenzake wakaunganisha kisiwa cha Gotland na bara kwa kebo ya baharini inayobeba umeme wa mkondo mnyoofu. Ukiitazama ramani ya Tanzania utaona sura hiyohiyo: mito mikubwa iko kwenye nyanda za juu za kusini na bonde la Rufiji, watumiaji wako pwani.

Wanordiki walikuwa wameshafika Kibaha, japo kwa shughuli nyingine. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha Tanganyika Nordic Centre kwenye vilima vya Kibaha: shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 walikikabidhi kwa serikali, kikawa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo wasomi wengi wa nchi hii wamepitia. Misaada ya maji na umeme ilifuata uhusiano uleule. Kampuni ya Kisweden ya SWECO ndiyo iliyokuwa mshauri wa mradi wa Ruaha Mkuu, na fedha zilitoka Sweden, Kanada na Benki ya Dunia. Mwanahistoria May-Britt Öhman, aliyeandika tasnifu yake kuhusu mradi huo katika chuo cha KTH, Stockholm, mwaka 2007, ameeleza jinsi ujuzi uliopatikana kwenye mito ya kaskazini mwa Sweden ulivyobebwa hadi kwenye mito ya Tanzania, pamoja na mazoea yake ya kutowasikiliza sana watu wa kando ya mto. Ninamwamini katika hilo, na ninadhani maneno yake yanaihusu njia pia.

Kidatu yenyewe ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Bwawa ni tuta la udongo na mawe lenye kimo cha mita 40. Maji yanaingia kwenye handaki la karibu kilomita 10 ndani ya mlima, yanaporomoka kama mita 175, na kuzungusha mitambo iliyofungwa ndani ya pango lililochongwa kwenye mwamba. Mashine mbili za kwanza, kama megawati 100, ziliwaka mwaka 1975. Nyingine mbili zilikuja mwaka 1980 na kufikisha jumla ya megawati 204. Kwa umeme mwingi hivyo na umbali wa kilomita kama 300 hadi Ubungo, kilovolti 132 isingefaa tena. Ndipo ikaja minara mirefu ya kilovolti 220.

Ninaomba msomaji aitazame minara hiyo kwa karibu, maana wengi wetu tumeipita maisha yetu yote bila kuiangalia. Kwenye kila mkono wa mnara kumening'inia mnyororo wa vikombe, ambavyo ni visahani vya kioo au kaure vilivyopachikana kimoja chini ya kingine, na waya umefungwa mwishoni. Kwa kilovolti 132 utahesabu kama tisa au kumi. Kwa kilovolti 220 huwa karibu 15. Kwa kilovolti 400 hupita 20. Kikombe hakibebi uzito tu. Kazi yake kubwa ni kuuzuia umeme usishuke kwenye chuma cha mnara na kuingia ardhini. Upande wa chini una mikunjo, ili umeme unaotaka kutambaa juu ya uso wake ulazimike kusafiri njia ndefu, na ili sehemu fulani ibaki kavu hata mvua ikinyesha.

Mvua kubwa si adui wa vikombe, huviosha. Adui ni manyunyu na umande wa alfajiri baada ya miezi ya kiangazi. Katika kipindi hicho upepo wa bahari umekwisha kupaka chumvi, na barabara imepaka vumbi. Unyevu ukifika, chumvi inayeyuka na kuwa utando unaopitisha umeme. Cheche ndogondogo zinaanza kurukaruka, zinakausha sehemu moja, zinaruka hadi nyingine, na zikiungana tangu juu hadi chini, njia nzima inakatika kwa mshindo. Ukisimama karibu na mkuza, yaani ukanda wa ardhi chini ya nyaya, alfajiri yenye manyunyu utasikia nyaya zikitatarika kama mafuta kwenye kaango: hapo hewa iliyozizunguka inapasuka kwa nguvu ya msongo. Sauti hiyo yenyewe ni ya kawaida. Ikibadilika na kuwa milipuko, fundi anajua kuna jambo.

Mambo haya hayawezi kunakiliwa kutoka Sweden. Kule kuna barafu inayolemea nyaya; hapa kuna chumvi ya Bahari ya Hindi, joto, unyevu na radi. Juu kabisa ya minara hupitishwa waya mwembamba usiobeba umeme, ambao kazi yake ni kupokea radi kabla haijapiga nyaya zenye msongo na kuishusha ardhini kupitia miguu ya mnara. Lakini radi hiyo itashuka salama ikiwa tu udongo chini ya mnara unaipokea. Udongo mkavu wa kichanga, kama ulio sehemu nyingi za Pwani, hupokea vibaya. Nguvu ya radi inakosa pa kwenda, inarudi juu na kuruka kupitia vikombe. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kwa nini njia fulani inakatika kila masika lazima aje mwenyewe na vifaa vyake apime udongo wa mnara mmoja mmoja.

Kuna moto pia. Wakulima wa Kibaha na Kisarawe huchoma mashamba kabla ya mvua, na wachoma mkaa wamekuwa wakifanya kazi katika misitu ya Ruvu na Pugu kwa vizazi. Moto mkubwa chini ya nyaya huipasha hewa na kuifanya nyepesi, moshi hujaza chembe za masizi, na umeme ambao kwa siku ya kawaida hauwezi kuruka kutoka waya hadi ardhini unapata daraja. Mkulima hajui kama amezima taa za miji. Mtu wa mjini naye, akiwa gizani, hajui kuna mkulima.

Nirudi kwenye vibatari. Swali ambalo watu wa vijiji vilivyo chini ya nyaya wamekuwa wakiliuliza tangu 1975 ni hili: umeme unapita juu ya nyumba yangu, mbona mimi sina? Ni swali la haki na lina jibu la kiufundi ambalo viongozi wengi hawakuwahi kulieleza vizuri. Umeme wa kilovolti 220 hauwezi kuchotwa popote. Ili umfikie mtu nyumbani lazima ushushwe kwenye kituo cha kupoza chenye transfoma kubwa na vikata umeme vyake, uingie kwenye njia ya kilovolti 33 au 11, kisha ushushwe tena kwenye transfoma ya mtaani hadi volti 230. Kituo kimoja cha namna hiyo ni cha gharama kubwa mno, na hakuna aliyeweza kukijenga kwa ajili ya kijiji kimoja cha nyumba za makuti. Ndiyo maana Mlandizi ina umuhimu wake. Kituo cha kupoza kilichowekwa pale kwenye njia ya kilovolti 132 kiliweza kulisha pampu za maji ya Ruvu Juu yanayokwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo umeme wa kilovolti 33 ukatembea hadi mjini Kibaha na viwandani.

Jibu hilo la kiufundi ni la kweli, lakini halimalizi deni. Watu waliacha ardhi yao iwe mkuza, wakakatazwa kujenga na kupanda miti mirefu, ili mji mkuu wa biashara upate taa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, zaidi ya miaka 30 baada ya minara ya Kidatu kusimama. Miaka hiyo 30 ilikuwa mirefu mno, na hakuna sheria ya fizikia iliyoilazimisha iwe mirefu hivyo.

Katika miaka ya 1980 njia za kilovolti 220 ziliendelea kutambaa: kutoka Kidatu hadi Iringa na Mbeya, na kutoka Mtera kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza. Njia ya Mwanza ilileta tatizo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulitarajia. Mwisho wa njia ndefu yenye watumiaji wachache msongo haupungui, unapanda. Nyaya ndefu zilizo juu ya ardhi zinajikusanyia chaji, na usiku watu wakizima taa, msongo wa mwisho wa njia unaweza kuuzidi ule wa mwanzo na kuunguza vifaa. Tiba yake ni riakta, vifaa vinavyofanana na transfoma ambavyo humeza ziada hiyo. Mchana, viwanda vikifunguliwa, tatizo linageuka: msongo unaanguka, na riakta zilezile lazima ziondolewe. Waendesha gridi wamekuwa wakiufanya mchezo huu wa kupandisha na kushusha kila siku, na hakuna anayewapongeza.

Mwaka 1992 mvua zilipokosekana, nchi ikaingia kwenye mgao, na mgao ukarudi tena kwa ukali mwaka 2006. Kila mtu alitazama kina cha maji cha Mtera. Ilikuwa sawa kutazama, lakini ukame ulifunua pia jambo la njia: umeme wote wa kusini ulikuja pwani kwa njia chache sana. Gesi ya Songo Songo ilipofika Ubungo mwaka 2004, na mitambo ya Kinyerezi ilipofuata, mtiririko ulianza kugeuka. Ubungo, iliyozoea kupokea tu, ikawa inatoa.

Funzo kali zaidi lilitoka upande wa pili wa bahari. Unguja ilikuwa ikipata umeme kutoka bara tangu mwaka 1980 kwa kebo ya kilovolti 132 iliyojengwa kwa msaada wa Norway, yenye uwezo wa megawati 45. Mei 2008 umeme ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu hivi. Maji yalikosekana kwa kuwa pampu zilikufa, na hoteli ziliishi kwa jenereta. Kebo mpya ya megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba ilikamilika mwanzoni mwa muongo uliofuata kwa fedha za Marekani. Mtandao mzuri ni ule unaobaki umesimama hata kipande chake kimoja kikipotea. Unguja haikuwa na kipande cha pili, na watu wake walilipa.

Wakati haya yakitokea, wahandisi wetu walikuwa wapi? Njia ya Kidatu ilisanifiwa na kuwashwa kabla Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakijatoa mhandisi hata mmoja. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1977. Kabla ya hapo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki walisomea Nairobi. Tangu hapo idara ya umeme imelea watu wakubwa. Mark Mwandosya alifundisha pale kabla ya kuwa waziri, na Matthew Luhanga alitoka pale kwenda kuwa makamu mkuu wa chuo. Utafiti nao ulikuja. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Justinian Anatory, akishirikiana na Mussa Kissaka na Nerey Mvungi wa Dar es Salaam, na Nelson Theethayi na Rajeev Thottappillil wa Uppsala, alichapisha mfululizo wa makala kuhusu namna mawimbi ya mawasiliano yanavyosafiri ndani ya nyaya za umeme zenye matawi mengi, kama zilivyo za kwetu. Swali lao lilikuwa kama waya unaoleta taa unaweza pia kuleta intaneti. Walilijibu kwa hesabu ileile inayotumika kueleza radi inavyokimbia kwenye njia ya msongo mkubwa. Kazi hiyo ilisomwa duniani kote, na nyumbani wachache waliisikia.

Ninaona fahari kwa kazi kama hiyo. Ninaona pia kwamba kazi hizo ni chache mno kwa nchi iliyojenga kwa kasi kama yetu. Mwaka 2016 hivi ilikamilika njia ya kwanza ya minara ya kilovolti 400, kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, japo mwanzoni iliendeshwa kwa kilovolti 220. Kisha ikaja Rufiji.

Bonde la Stiegler kwenye mto huo, ambako sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lilipewa jina la Mzungu aliyeuawa na tembo mwaka 1907, na ndoto ya kuweka bwawa pale ni ya muda mrefu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi wa bonde la Rufiji mwaka 1961. Wanorway walilisoma bonde hilo katika miaka ya 1970. Mamlaka ya bonde hilo, RUBADA, iliundwa mwaka 1975 kulisimamia. Bwawa halikujengwa. Fedha zilikosekana, na hata zingepatikana, umeme ungekwenda wapi? Nchi nzima wakati ule isingemeza hata robo ya megawati 2,100 ambazo lingetoa. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Julai 2019, Rais Samia Suluhu Hassan akaanza kulijaza maji Desemba 2022, na Februari 2024 mashine ya kwanza ikaingia kwenye gridi. Mashine ni tisa, kila moja megawati 235. Mashine moja ya Rufiji inaizidi Kidatu nzima.

Umeme huo unapanda kilomita 160 kwa kilovolti 400 hadi kituo cha Chalinze, ukikatiza mapori ya Pwani, na pale unashushwa ili uingie kwenye njia za zamani. Ndani ya miezi miwili tangu mashine ya kwanza kuwaka, mambo mawili yalitokea ambayo yangepaswa kufundishwa darasani. Machi 2024 baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Na tarehe 1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, gridi nzima ilianguka na nchi ikaingia gizani. Tulikuwa na umeme mwingi kuliko wakati wowote katika historia yetu, na hatukuwa na taa.

Gridi husimama kwa mizani. Mizunguko 50 kwa sekunde hushikiliwa na usawa kati ya kinachozalishwa na kinachotumika, sekunde kwa sekunde. Kipande kikubwa kikitoka ghafla, mizunguko inashuka, mitambo mingine inajiondoa ili isiharibike, na kila inayojiondoa inaongeza mzigo kwa zilizobaki. Kadiri chanzo kimoja kinavyokuwa kikubwa na njia zake zinavyokuwa chache, ndivyo mizani inavyokuwa rahisi kupinduka. Ndiyo maana njia ya kilovolti 400 kutoka Chalinze hadi Dodoma, kama kilomita 345, ina uzito sawa na bwawa lenyewe. Reli ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024 ikipita Pugu, Soga na Ruvu, imeongeza mteja asiyeweza kusubiri: treni ikikosa umeme, abiria wanakaa porini.

Machi 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Wengi walikasirika, wakiuliza bwawa lilijengwa la nini. Hasira hiyo ninaielewa. Lakini kutoka Rufiji hadi Arusha ni mbali kwa njia tulizonazo, na umeme wa Ethiopia unafika Kenya kwa njia ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 500, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, iliyowashwa mwaka 2022. Kutoka Kenya kuna njia ya kilovolti 400 ya Isinya hadi Singida. Hesabu ya waya inaweza kuufanya umeme wa jirani uwe karibu kuliko wa nyumbani. Mjadala ule ulikosa watu wa kuieleza hesabu hiyo kwa Kiswahili, kwa takwimu za njia zetu wenyewe.

Takwimu hizo zinatokea zenyewe. Kila njia inapokatika, vifaa vya ulinzi kwenye vituo kama Mlandizi, Chalinze na Ubungo hurekodi saa, sekunde, waya uliohusika na umbali wa hitilafu. Ombi langu kwa TANESCO na kwa vyuo vyetu ni kwamba rekodi hizo ziwekwe mezani pa wanafunzi wa uhandisi, pamoja na ruhusa ya kwenda kwenye minara kupima udongo, chumvi na vikombe. Waanze na njia ya Morogoro hadi Ubungo, inayokatiza Kibaha, ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 50.